Mwenzenu mwoga wa stori za kutisha, ila tamthilia ya vampaya nimemaliza sizoni zote nane

Nianze kwa kukiri, mimi ni mwoga. Sio mwoga wa maigizo, ni mwoga yule ambaye tangazo tu la muvi ya majini likipita kwenye tivii natafuta rimoti, na nisipoiona naangalia ukuta. Shuleni bweni zima likikaa usiku kusimuliana stori za mwanamke mzuri mwenye kwato, mi najifunika mto masikioni, na asubuhi bado naomba mtu anisindikize chooni japo jua limeshatoka. Halafu mtu huyohuyo amekaa kaangalia The Vampire Diaries, tamthilia ya Marekani ya vampaya wanaonyonya damu, mwanzo mpaka mwisho, episodi 171, kuanzia ile ya kwanza iliyorushwa Septemba 2009 mpaka ile ya kufungia ya Machi 2017, na usiku kalala taa imezimwa, usingizi mzuri kabisa.

Mdogo wangu ndo aliniletea kwenye flashi. "Dada hii haitishi, we angalia tu." Nikaangalia nikiwa nimejitanda kanga mpaka usoni, sio kwamba nimefumba macho, kanga ikishachakaa unaona kila kitu ila unajidanganya huoni. Episodi ya kwanza inafunguka na mtu na mpenzi wake kwenye gari usiku, ukungu barabara nzima, mara wanamgonga mtu amesimama katikati ya njia, jamaa anashuka kwenda kuangalia. Nikazima. Nikakaa kama dakika tano nimeishika laptop kifuani, nikaiwasha tena, na kabla chai yangu haijapoa tulikuwa shuleni, binti anaitwa Elena kafiwa na wazazi kwenye ajali ya gari, anaandika daftari lake makaburini, kaka mpya anaitwa Stefan kaingia darasani mtanashati balaa, shosti wa Elena naye anamtaka huyohuyo kaka. Nikasema aah, kumbe ni hii. Hii naijua. Hii ni tamthilia ya Kimeksiko, ila mwanaume ana meno.

Sasa watu huwa wananiuliza inakuwaje, mtu mwoga hivyo na damu zote zile. Nimeifikiria sana na nadhani tatizo ni neno lenyewe, "kutisha", tumelibebesha mizigo mingi kuliko linavyoweza kubeba. Kuna kushtuka, mlango unabamizwa na muziki unapiga kwa nguvu unaruka kwenye kiti, sekunde mbili limeisha unacheka. Kuna kinyaa, utumbo nje, hilo ni tumbo linalokataa zaidi ya moyo. Halafu kuna hofu ya kubaki nayo, na hii ndo adui yetu sisi waoga, kwa sababu muvi ikiisha yenyewe ndo inaanza, umezima kila kitu umejilaza, pazia linatikisika kidogo, na wewe unaanza kujiuliza dirisha ulifunga au hukufunga. Mtu anayesema hapendi stori za kutisha mara nyingi hajajua hasa anachokataa ni kipi kati ya hivyo. Mi kushtuka nakuvumilia, kinyaa nageuza uso. Hofu ya kubaki nayo ndo siiwezi, na hiyo kwenye hii tamthilia karibu haipo kabisa.

Kwa nini haipo? Kuna mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Noël Carroll, mwaka 1990 alitoa kitabu kizima kuhusu jambo hili, na hoja yake moja mi naipenda sana. Anasema zimwi la stori ya kutisha lazima liwe na vitu viwili kwa pamoja, liwe hatari na liwe najisi. Hatari peke yake haitoshi, jambazi mwenye bunduki ni hatari lakini ile muvi ni ya ujambazi tu. Lazima kiwe kitu ambacho hakieleweki kiko upande gani, kimekufa na hakijafa, ni mtu na ni mnyama, kitu ambacho hata kukigusa mkono unasita. Sasa mwangalie Damon Salvatore, kaka yake Stefan, vampaya mwenzake. Hatari, ndio, anaua watu mpaka unasahau hesabu. Lakini najisi? Katoka kuoga, shati jeusi, kifungo kimoja wazi, kashika glasi, anatania. Nusu ya dawa ya kutisha imeshatolewa kwenye chungu kabla hujaanza kuinywa.

Na huyu mtu hakuzaliwa msafi, kuna watu walimwogesha, na waliomwogesha ilichukua miaka mia mbili na ushee. Vampaya wa asili wa kule Serbia alikuwa mwanakijiji tu kama wanakijiji wengine. Mwaka 1725 kwenye kijiji cha Kisiljevo alifariki mkulima anaitwa Petar Blagojević, baada ya hapo watu kadhaa wakafa mfululizo, kijiji kikasema ni yeye anawarudia usiku, wakamfukua mbele ya ofisa wa serikali ya Austria, wakamkuta hajaoza walivyotegemea na damu iko mdomoni, wakamchoma mti kifuani na mwili wakauteketeza. (Samahani kama unakula, ila leo tunajua gesi inavimbisha mwili na kusukuma maji meusi yatoke mdomoni, na ngozi ikisinyaa kucha zinaonekana kama zimeota.) Huyo hakuwa na shati jeusi. Alikuwa amevimba, mwekundu, ananuka, na alikuwa anaanzia kwa ndugu zake mwenyewe na majirani zake. Huyo mimi singemwangalia hata na kanga tatu.

Halafu ikaja 1816, ule mwaka Ulaya haikupata kiangazi kwa sababu ya mlima Tambora uliolipuka Indonesia mwaka mmoja nyuma, na washairi wa Kiingereza wako Uswisi kando ya ziwa la Geneva, mvua haikatiki, wakaanza kutungiana stori za mazimwi. Mmoja wao alikuwa Lord Byron, tajiri, mzuri, maarufu kwa kuharibu ndoa za watu. Daktari wake, John Polidori, akachukua wazo alilolianza Byron, akaandika stori iliyotoka mwaka 1819, na vampaya wake akampa sura na tabia za bosi wake. Mnaona alichofanya? Maiti ya mkulima ikavalishwa koti la bwana mkubwa. Tangu siku hiyo vampaya ni mtu unayekutana naye sebuleni akiwa ameshika glasi, na Damon ni mjukuu wa Byron kwa upande huo.

Mwaka 1897 akaja Dracula wa kitabu cha Bram Stoker, ambaye watu wengi hawajui kwamba anatembea mchana kweupe, nguvu tu ndo zinampungua. Kufa kwa jua kumeletwa na muvi ya kimya ya Ujerumani ya mwaka 1922. Yani hata zile sheria tunazoziona za kale na kale zina tarehe, na nyingine ni changa kuliko bibi wa bibi yangu.

Ila aliyemwogesha kabisa, akampaka na mafuta, ni tivii ya mchana. Marekani mwaka 1966 ilianza tamthilia inaitwa Dark Shadows, ya mchana ile ya akina mama nyumbani na watoto wakitoka shule, na ilikuwa haiendi vizuri, watazamaji wachache, basi mwaka 1967 wakaingiza vampaya anaitwa Barnabas Collins. Akae kidogo auawe. Watu wakampenda, barua zikamiminika, ikabidi abaki, na akibaki kila siku lazima umpe kitu cha kufanya zaidi ya kunyonya damu, ndo wakampa majuto, wakampa mpenzi aliyempoteza zamani. Hapo ndo penyewe. Tamthilia haiwezi kumweka mtu miaka minne kwenye sebule za watu bila kumgeuza ndugu. Zimwi la muvi ya saa moja na nusu linaweza kubaki zimwi, la kila siku haliwezi, utalizoea tu kama unavyomzoea mpangaji mkorofi.

Kwa hiyo 2009 ilipofika kila kitu kilikuwa tayari. Kuna vitabu vya L. J. Smith vilivyoanza 1991, na waliovigeuza tamthilia ni Kevin Williamson na Julie Plec. Sasa Williamson huyu ndo aliyeandika Scream ya 1996, muvi ambayo mimi siwezi hata kuangalia kava lake, na ndo huyohuyo aliyeanzisha Dawson's Creek mwaka 1998, vijana wanakaa gatini wanazungumzia mapenzi mpaka jua linazama. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini episodi ya kwanza ina ukungu na kunguru na ajali, halafu kadiri siku zinavyokwenda kunguru anapotea na mapenzi yanabaki. Kijiji chenyewe, Mystic Falls, kinasemwa kiko Virginia ila wamekishutia Covington, Georgia, na ni kizuri mno, saa ya mnara, nyasi zimekatwa. Kila wiki kuna sherehe. Sijawahi kuona mji mdogo wenye sherehe nyingi vile, na kila sherehe mtu anakufa, na wiki ijayo wanapanga nyingine.

Kitu kingine kinachoua hofu ni sheria, na hapa nikae kidogo maana ndo utamu wenyewe ulipo. Vampaya wa pale ana masharti kama mkataba. Jua linamuunguza mpaka awe na pete ya jiwe la bluu iliyotengenezwa na mchawi. Kuna mmea unaitwa verveni ukiuvaa au kuunywa hawezi kuiamrisha akili yako. Mti wa moyoni unamuua, ila wale wa mwanzo kabisa, akina Klaus, wanataka mti wa mwaloni mweupe peke yake. Na kubwa kuliko yote, hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu fikiria wakileta hawa viumbe Tanga. Mtu kabisha hodi, hata hujainua kichwa kwenye mchele unaochambua, ushasema "karibu, pita ndani, karibu chai". Tungeisha wiki ya kwanza mtaa mzima, tena kwa heshima.

Lakini sheria zina kazi kubwa kuliko kuchekesha. Hofu ile ya kubaki nayo inaishi kwenye kutojua, sijui kinataka nini, sijui kinaingilia wapi, sijui nikifanya nini kinaondoka. Ukishapewa kanuni, kichwa kinahama kutoka kwenye kuogopa kinaingia kwenye kuhesabu, unaanza kufikiri kama mtu anayecheza bao, hapa akiingia pale nitafunga vipi. Sizoni ya pili Klaus anamtafuta Elena, basi akina Salvatore wanafanya kitu ambacho sijawahi kuona kwenye stori yoyote ya mazimwi, wanaenda kwa mwanasheria. Wanaiandikisha nyumba yao kwa jina la Elena, ili vampaya yeyote asiingie bila ruhusa yake, na kwa kuwa wao wenyewe ni vampaya, hati ilivyobadilishwa tu wakajikuta wako nje ya mlango wa nyumba yao wanasubiri. Elena yuko ndani, kashika mlango. Anamkaribisha Stefan moja kwa moja. Damon yeye anabakishwa nje kwanza, anamtolea masharti mpaka aahidi. Mimi niko pale nimekaa kitini, chai mkononi, nacheka, na ni usiku saa nne. Hapo ndo nilijua mimi na hii kitu tumeelewana.

Hiyo episodi niliirudia baadaye na bibi, alikuja kwangu Dar kwa ajili ya kliniki ya macho, dawa zimemkubali, akawa anatafuta cha kuangalia. Kiingereza hajui, kwa hiyo nikawa namtafsiria kama wale jamaa wa vibanda umiza, steringi huyu, adui yule. Ilipofika ya hati akainua mkono nisimamishe. "Subiri. Nyumba kaandikwa huyo binti?" Ndiyo bibi. "Na ukoo umekubali?" Ukoo umekufa bibi, wamebaki hao wawili, na wao pia wamekufa kwa namna yake. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeona kesi nyingi za viwanja.

Na bibi ndo mtu aliyenitia hofu ya kwanza maishani. Sisi wa pwani na bara tuna wanyonya damu wetu, tusijifanye vampaya ni wa wazungu tu. Ukienda dukani giza limeingia, mumiani atakubeba, ana gari, anakutia ndani, anakunyonya damu wanaenda kutengenezea dawa, na ukienda hurudi. Neno lenyewe lina safari ndefu, limetoka kwenye Kiajemi, mum ni nta, na ndo ukoo mmoja na lile la miili iliyokaushwa ya Misri, ilikuwa ni dawa nyeusi kama utomvu ya kutibia mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza hiyo dawa halafu inaongeza kwamba watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na uvumi ukizuka mjini watu hawatoki nje baada ya jua kuzama. Nairobi na Kampala wao enzi za ukoloni walikuwa wanawaogopa wazimamoto, yani zimamoto wale wa kuzima moto, na mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo akazifanyia kitabu kilichotoka mwaka 2000, anaonyesha watu walivyokuwa wanazungumzia mambo ya kweli kabisa kwa lugha ya damu, kazi za kulazimishwa, magari yasiyojulikana yanaenda wapi, madaktari wanaotoboa watu sindano bila kueleza.

Tofauti mnaiona. Mumiani hana pete, hana masharti, hana mpenzi aliyempoteza mwaka 1864 kama Damon. Hana hata uso. Nilimuuliza bibi siku ile, hawa na mumiani nani mbaya, akanijibu kama nimeuliza swali la kijinga, "Huyu si anabisha hodi? Mumiani nani alimsikia hodi yake." Na stori za namna hiyo zikiaminiwa sio burudani tena, Malawi kusini mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulifanya watu wauawe na makundi ya wananchi, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya za Mulanje na Phalombe. Hiyo ndo ya kutisha. Aliyekufa pale hakuwa vampaya, alikuwa mtu tu kapita njia.

(Na kwa faida ya popo, maana wanasingiziwa sana hasa tangu lile tafrani la popobawa, lile zimwi la usiku, Pemba na Unguja mwaka 1995 watu wakalala nje kwa makundi: popo wanaonyonya damu ni aina tatu tu duniani na wote wako Amerika, yule mkubwa wa Pemba anakula matunda. Mwacheni.)

Sasa nisiseme hakuna kinachotisha kabisa kwenye hiyo tamthilia, kipo, ila hakipo kwenye meno. Kipo pale vampaya anapokuangalia machoni, anakuamrisha ufanye kitu, unafanya, halafu anakuambia usahau na unasahau. Sizoni ya kwanza Damon anamfanyia hivyo Caroline, binti wa shule, anamtumia, anamnywa damu, alama ziko mwilini na yeye anazifunika na skafu bila kuelewa vizuri zimetoka wapi. Na muziki haupigi kwa nguvu pale, tamthilia inapita kama ni utundu wa kaka mtanashati, na sizoni chache baadaye sisi sote tunamshangilia apate mwanamke anayemtaka. Mi nilimshangilia pia, sijifichi. Lakini nikiulizwa ni wapi nilihisi ule ubaridi wa mgongoni, ni kwenye ile skafu, sio kwenye makaburi.

Kwa hiyo kama wewe ni mwoga kama mimi na unataka kujaribu, vumilia dakika mbili za mwanzo tu, na jua kwamba hii ilirushwa kwenye stesheni ya bure ya Marekani kwa hiyo damu ina mipaka. True Blood, ile tamthilia nyingine ya vampaya ya stesheni ya kulipia ya HBO, ni habari nyingine, pale kinyaa kipo cha kutosha, mi niliishia njiani. Na ukiona umeanza kulia badala ya kuogopa, usishangae, ndo inavyotakiwa.

Maana bibi alikaa wiki tatu, tukafika mwisho wa sizoni ya pili, kwenye kafara ya Klaus. Damu zote zile alikuwa anaziangalia huku anakula korosho. Ila alipouawa Jenna, yule mama mdogo aliyekuwa anawalea Elena na mdogo wake tangu wafiwe, korosho zikakaa mkononi. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani kasinzia.

"Sasa wale watoto watalelewa na nani?"

Nikamwambia kuna mwalimu mmoja anaitwa Alaric, atahamia pale nyumbani akae nao.

"Mwalimu," akasema, akaniangalia vile anavyoniangaliaga nikimletea habari nusunusu. "Mwanaume?"

Ndiyo bibi.

"Haya. Weka hiyo inayofuata tumuone."